Mbwa Anajikuna: Usubiri au Uende kwa Daktari?

Mbwa wengi wa Uthiru, Kangemi na Kabete hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Mwenye mbwa naye hudamka kwenda kazini katikati ya jiji, akarudi giza limeshaingia. Ndiyo maana ugonjwa wa ngozi hugunduliwa Jumamosi asubuhi, mbwa akiwa juani, na kwa kawaida umeshatafuna wiki kadhaa. Kule Kileleshwa na Lavington, ambako mbwa hulala sebuleni, mambo huenda kinyume: akijikuna mara mbili tu, familia nzima huanza kuulizana daktari yuko wapi. Wa kwanza huchelewa, wa pili huharakisha, na mara nyingi wote wawili huishia kwenye kaunta ya agroveti wakinunua dawa ya ugonjwa wasioujua jina.

Tatizo ni kwamba tunapima kwa kitu kisichofaa. Tunatazama ukubwa wa kipara. Lakini mtoto wa mbwa anaweza kuwa na kipara usoni kitakachopona chenyewe, na mbwa mwingine akawa na vidoa vidogo tumboni ambavyo ni dalili ya ugonjwa wa damu unaoua. Maswali matatu yatakusaidia zaidi kuliko kipimo cha macho. Mbwa mwenyewe ana hali gani: anakula, anacheza, analala? Kidonda kinaelekea wapi: kinakauka au kinatambaa? Na je, kuna mwingine nyumbani anayejikuna, awe mtu, paka au mbwa wa pili?

Mchunguze mchana

Usiamue kwa taa ya simu usiku. Mtoe mbwa nje kukiwa na mwanga, mtu anayemzoea amshike, nawe uanzie puani hadi mkiani. Kabla ya hapo zungumza na wanaomwona mchana. Katika nyumba nyingi za Nairobi, anayejua kwamba mbwa ameacha kumaliza ugali wake, au kwamba hulamba nyayo kutwa nzima, ni dada wa nyumbani au mlinzi wa getini, si wewe.

Sehemu ya mwili inayoathirika hueleza mengi. Akijitafuna mgongoni karibu na mkia, anza kushuku viroboto. Chukua tishu nyeupe iliyoloweshwa, mchane mbwa juu yake na utazame vumbi linaloanguka. Chembe nyeusi zikiyeyuka na kuacha doa la rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na kutu ile ni damu ya mbwa wako. Zikibaki nyeusi, ni udongo tu.

Kingo za masikio, viwiko na tumbo vikiwa na magamba na mikwaruzo, fikiria upele unaosababishwa na vijidudu vinavyochimba ndani ya ngozi. Shika ukingo wa sikio baina ya kidole gumba na cha shahada, uusugue kwa sekunde chache. Mguu wa nyuma ukianza kupiga hewa kana kwamba unajikuna, shuku yako imepata nguvu, ingawa bado si uthibitisho. Upele huu huwasha kupita kiasi, hasa usiku, na huambukiza.

Kuna upele wa aina nyingine, wa demodeksi, unaowapata zaidi mbwa wachanga wa chini ya mwaka mmoja na nusu. Manyoya hunyonyoka kuzunguka macho, mdomoni au kwenye miguu ya mbele, na mara nyingi mbwa hata hajikuni. Vijidudu hivi hupitishwa na mama kwa watoto katika siku za kwanza za kunyonya, wala havihamii kwa watu. Vipara viwili vitatu vya namna hii mara nyingi hupona vyenyewe. Vikienea mwili mzima, hiyo ni kazi ya daktari.

Duara lililonyonyoka lenye ukingo wa magamba huenda likawa choa, ile ambayo watoto wetu huita mashilingi. Nyayo nyekundu zilizolambwa hadi manyoya meupe yakageuka rangi ya chai, pamoja na masikio yanayonuka kila baada ya miezi michache, huelekeza kwenye mzio. Ncha za masikio zilizotafunwa, zenye magaga ya damu, ni kazi ya nzi wanaouma. German Shepherd wenye masikio yaliyosimama, wanaoishi jirani na zizi la ng'ombe au lundo la samadi, ndio wahanga wakubwa. Mwishowe, panua vidole vya miguu na uangalie ndani ya masikio, maana huko ndiko kupe hujificha, hasa baada ya matembezi katika nyasi ndefu au msitu wa Karura.

Hali zisizongoja hadi kesho

Zipo dalili ambazo zikionekana, mbwa aende kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na itakulazimu kupiga simu kutafuta kliniki iliyo wazi.

Ya kwanza ni uso au koo kuvimba ghafla, hasa baada ya kuumwa na nyuki au siafu, mbwa akianza kuhema kwa shida au kutapika.

Ya pili ni ufizi uliopauka. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachilie. Kwa mbwa mwenye afya, rangi ya waridi hurudi kwa muda wa sekunde mbili hivi. Ufizi ukiwa mweupe au wa manjano, mkojo ukiwa wa kahawia, au ukiona vidoa vidogo vyekundu tumboni kama aliyechomwa kwa sindano, usihangaike na krimu za ngozi. Kupe wa mbwa hueneza babesia, inayopasua chembe nyekundu za damu, na erlikia, inayopunguza chembe za kugandisha damu. Madoa hayo huonekana kwenye ngozi, lakini ugonjwa wenyewe umo ndani. Joto la mwili la mbwa kwa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Pua kuwa kavu au baridi haikuambii lolote kuhusu homa.

Ya tatu ni kidonda chenye mabuu. Mbwa mzee mwenye manyoya marefu, aliyenyeshewa na mvua ya Aprili kisha akalala na unyevu wake, anaweza kuwa na kidonda chini ya mkia ambacho hukioni mpaka harufu ikufikie. Mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja, na mabuu hula nyama haraka. Usimwagie petroli wala mafuta taa. Utamuunguza, na mabuu walio chini kabisa watabaki.

Ya nne ni kuungua, iwe kwa maji moto, uji, asidi au mafuta ya kupikia. Mwagia sehemu iliyoungua maji ya bomba ya kawaida kwa dakika kumi au zaidi, kisha uondoke naye. Usipake dawa ya meno wala siagi.

Ya tano ni kuumwa na mbwa asiyejulikana. Hapa ngozi ndiyo jambo dogo kuliko yote. Kichaa cha mbwa bado kipo Kenya. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa mwaka 2014 umelenga kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo 2030. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, ukiwa umevaa glavu, kisha mpeleke mbwa hata kama kadi yake ya chanjo imekamilika. Mtu aliyeumwa naye aoshe hivyohivyo na aende hospitali siku hiyo.

Ongeza hapo mtoto mdogo wa mbwa aliyejaa viroboto na amelegea. Mbwa wa miezi miwili anaweza kunyonywa damu hadi akafa. Wale wanaouzwa kandokando ya barabara, wakiwa wamesuguliwa wakang'ara, mara nyingi hutoka na mzigo huu, na mnunuzi huugundua akishafika nyumbani.

Hali za kushughulikiwa wiki hii

Kundi la pili halihitaji kukimbizana, lakini halifai kuachwa lipite wikendi mbili. Humo kuna ngozi inayonuka, inayotoa usaha au maji. Kidonda chekundu chenye unyevu kinachopanuka kati ya asubuhi na jioni. Na sikio linalomfanya mbwa ainamishe kichwa upande mmoja. Mbwa anayeamka usiku kujikuna naye yumo. Usingizi ni kipimo kizuri cha mwasho: anayejikuna mchana kisha akalala fofofo ana nafuu kuliko anayezunguka bandani usiku kucha.

Weka hapa pia kila hali ambayo watu wa nyumbani wameanza kuwashwa. Upele wa mbwa huwatokea watu kama vipele mikononi, kiunoni na tumboni, pale mbwa anapoegemea. Kwa binadamu vijidudu hivi haviwezi kuendeleza ukoo, kwa hivyo vipele hutoweka mbwa akishatibiwa. Choa ni tofauti: humshika mtoto sawasawa, hasa kichwani, na hudai dawa yake. Mtoto aende zahanati wiki ileile mbwa anapokwenda kwa daktari, la sivyo mtaambukizana mwaka mzima.

Jambo la mwisho katika kundi hili ni uvimbe mpya, au kidonda kisichofunga kwa zaidi ya wiki mbili. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua la hapa ni kali hata siku isiyo na joto. Mbwa mweupe mwenye ngozi ya waridi puani au tumboni, anayependa kulala chali juani, huweza kupata saratani ya ngozi inayoanza kama mkwaruzo wa kawaida. Ikiwahiwa hukatwa ikaisha. Vivyo hivyo uvimbe unaotoa damu sehemu za siri, unaoenezwa na mbwa wanaojamiiana ovyo mitaani, hutibika vizuri sana kwa sindano za daktari, wala haukauki kwa chumvi.

Unapoweza kusubiri

Mbwa anayekula vizuri, mwenye furaha, aliye na viroboto wachache, kipara kimoja kikavu au mkwaruzo mdogo, anaweza kutunzwa nyumbani kwa siku 14. Lakini kusubiri ni kazi yenye masharti, si kumsahau.

Piga picha ya sehemu hiyo mchana, ukiweka sarafu ya shilingi 20 kando yake. Rudia kila baada ya siku tatu. Macho yanayomwona mbwa kila siku hayatambui mabadiliko, lakini picha mbili zenye sarafu ileile hazidanganyi.

Tibu viroboto kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa na iliyopimwa kwa uzito wake. Zipo za kudondoshea shingoni, za kunyunyizia, na tembe za kutafuna zinazofanya kazi kwa mwezi mmoja au kwa takriban miezi mitatu. Mbwa aliyewahi kuanguka kifafa asipewe tembe hizo kabla ya kumuuliza daktari. Ukiwa na paka nyumbani, soma kibandiko mara mbili: dawa za mbwa zenye permethrini huua paka.

Kisha shughulikia nyumba. Viroboto wakubwa unaowaona mwilini ni takriban asilimia 5 tu ya kikosi kizima. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifukofuko vilivyo kwenye zulia, makochi na nyufa za sakafu. Kumtibu mbwa peke yake ni sawa na kudeki sakafu huku paa linavuja. Fua matandiko kwa maji moto, uyaanike juani, fagia nyufa, na urudie kila wiki. Kupe wa kahawia naye hupanda ukuta wa banda na kutaga maelfu ya mayai kwenye mianya, kwa hivyo mianya izibwe na banda lisafishwe mbwa akiwa mbali. Zile dawa za choo zinazogeuka nyeupe ukitia maji zisitumike alalapo mbwa, kwani huchoma ngozi na kumdhuru akijilamba.

Mwogeshe kwa shampuu ya mbwa. Sabuni ya unga, ya vyombo, au dawa ya kung'arisha nguo hukausha ngozi na kuongeza mwasho. Mkwaruzo mdogo uoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo cha chumvi, mara mbili kwa siku, na umzuie asiulambe.

Siku ya 14 ikifika bila nafuu, nenda. Hali ikibadilika kuwa mbaya siku ya tatu, nenda siku hiyo ya tatu.

Kabla ya kaunta ya agroveti

Agroveti iko karibu, haina foleni, na haitozi ada ya kumwona daktari. Anayekuhudumia huenda ni mtaalamu wa afya ya mifugo aliyesajiliwa. Huenda pia ni binti wa mwenye duka anayesubiri kujiunga na chuo. Vyovyote vile, hajamwona mbwa wako. Ukisema "anajikuna", atakupa kinachowafaa wengi wanaojikuna.

Dawa tatu zinahitaji tahadhari. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, hasa ile inayopimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na kibandiko, ikikolea humfanya mbwa asinzie, atapike, na mapigo ya moyo yashuke. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe ni hatari kwa mbwa wa jamii ya Collie wenye kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa ipenye ubongoni, na baadhi ya German Shepherd wana kasoro hiyohiyo. Fikiria ni mbwa wangapi wa ulinzi Nairobi walio na damu ya German Shepherd. Ya tatu ni zile krimu za binadamu zinazochanganya steroidi, dawa ya ukungu na antibayotiki. Hutuliza mwasho kwa siku chache kwa kupunguza kinga ya ngozi, na kama tatizo lilikuwa demodeksi au choa, linapata nafasi ya kuenea.

Oili chafu ya gari nayo bado inapakwa mbwa wenye upele. Mbwa huilamba, sumu ikaingia tumboni, na ngozi iliyoungua haiwezi tena kuonyesha daktari ilichokuwa nacho. Dawa za maumivu za binadamu, kama ibuprofeni, zisitolewe hata nusu tembe.

Ukijumlisha chupa, sindano na krimu ulizonunua miezi miwili, mara nyingi utaona umeshapita gharama ya kumwona daktari na kupimwa ngozi mara moja.

Kliniki na namna ya kwenda

Kwa wakazi wa magharibi mwa jiji, Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, na kina kliniki ya wanyama wadogo. KSPCA, shirika la kutetea wanyama, liko Karen kando ya barabara ya Lang'ata. Kliniki za kibinafsi zimejaa Westlands, Lavington, Kilimani na Karen, na madaktari wengi huja nyumbani, jambo linalofaa kwa mbwa mkubwa wa ulinzi asiyezoea gari. Anayekuja, muulize nambari yake ya usajili kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Sheria ya mwaka 2011 inamtaka asajiliwe, naye aliyesajiliwa haoni haya kuulizwa.

Makanga wengi wa matatu watakataa mbwa. Ukiita teksi, mpigie dereva mapema umwambie abiria ni nani, na ubebe shuka kuukuu la kutandika kiti. Kama unashuku upele au choa, subiri nje ya kliniki, mbali na wanyama wengine.

Usimwogeshe wala kumpaka kitu siku mbili tatu kabla ya kwenda, isipokuwa ni dharura. Beba picha zako, kadi ya chanjo na vibandiko vya kila dawa aliyopewa, hata ile unayoona haya kuitaja. Uwe tayari kueleza anakula nini: ugali na omena, matumbo, chakula cha dukani. Daktari akishuku mzio wa chakula, atakuomba umlishe aina moja tu ya nyama, ambayo hajaizoea, kwa takriban wiki nane, na mabaki ya mezani yatakuwa marufuku kwa kila mtu, mlinzi akiwemo.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Daktari hutia tone la mafuta kwenye wembe butu, hubana ngozi, hukwangua mpaka damu kidogo ichungulie, kisha hupaka ute huo kwenye kioo na kuutazama kwa darubini. Demodeksi huonekana warefu kama sigara. Wale wanaochimba ngozi ni wa mviringo wenye miguu mifupi, na ni wachache kiasi kwamba hukosekana mara nyingi hata wakiwepo. Kwa sababu hiyo daktari anaweza kutibu upele hata kipimo kikitoka kitupu. Kuotesha ukungu wa choa huchukua wiki mbili au tatu.

Uliza gharama kabla, bila aibu: kumwona daktari ni kiasi gani, kipimo ni kiasi gani, na kama fedha hazitoshi, kipi kianze. Usiondoke hadi ujue mambo manne: ugonjwa unaitwaje au unashukiwa kuwa nini, dawa ni ya siku ngapi, wanyama wengine nyumbani watibiwe au la, na tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo iheshimu hata mwasho ukiisha, kwa sababu mwasho hutangulia kuondoka, vijidudu hufuata baadaye, na matibabu mengi ya ngozi huharibika katika pengo hilo.